Muhuri Mwekundu na Pakacha la Bi Esha

Sikwenda Lamu kupunga upepo. Natanguliza kulisema hili kwa sababu wenzangu chuoni waliponiona nimebeba begi walianza utani wao, ati Profesa anakwenda kuota jua Shela. Nilikwenda kwa hasira, na hasira hiyo ilianza Jumatatu saa mbili asubuhi, nikiwa ofisini Nairobi, naandaa kipindi changu cha sheria ya makampuni ya China. Simu ikalia. Alikuwa Bi Esha, kutoka Siyu, mama ambaye tangu nipate akili hajawahi kunipigia simu kuniomba kitu.

"Zuhura mwanangu," akasema, hata salamu hakuzimaliza. "Wewe si wayua Kichina? Basi ndoo. Tumefungwa."

"Mmefungwa na nani, Bi Esha?"

"Na karatasi."

Watu wa kwetu wakisema ndoo wana maana ya njoo, na Bi Esha akisema ndoo haombi. Alinyonya ziwa moja na marehemu mama yangu, kwa hiyo kwangu ni mama mdogo. Mimi ni mzaliwa wa Langoni, pale mjini Lamu, au Amu kama tunavyouita, lakini likizo zote za utotoni nilipelekwa kwake Siyu, na ndiye aliyenishika mkono uani kwake akanifundisha kuandika herufi za Kiarabu kabla sijaijua a wala be ya shule. Nikafuta kipindi, nikakata tiketi.

Kabla sijaenda mbali, niseme kazi yangu, maana bila kuijua hamtaelewa kwa nini nilikuwa nachemka. Nilipelekwa China kwa ufadhili nikiwa msichana ambaye hata Mombasa sikuwa naijua vizuri. Nikakaa huko miaka, nikasoma sheria ya mikataba kwa lugha yao, nikiandika herufi zao mpaka vidole vikaota sugu. Niliporudi nikaajiriwa katika shule ya biashara, na leo kampuni ikitaka kuuza au kununua China huniita mimi niwasomeshe watu wake. Nikiulizwa nafanya kazi gani, jibu langu huwa moja: nawafundisha watu kusoma wanachotia sahihi. Nililisema kwa majivuno, nakiri. Na huku mama yangu mdogo amefungwa na karatasi ya Kichina na mimi sina habari!

Jumanne asubuhi, ndegeni. Nilikuwa nimetumiwa kwa simu picha za karatasi mbili tatu, nimezipanua kwenye kioo nazichungulia. Aliyekaa kando yangu, bwana mmoja wa bara anayefanya kazi serikalini huko Lamu, akachungulia pia. Nikamweleza, kwa sababu hasira inataka msikilizaji. Kina mama wa Siyu wana chama. Wanafuga kaa wa mikokoni katika vizimba, wanawalisha mpaka wanenepe, wanawauzia mahoteli ya Amu na Shela. Akaja wakili akasema anawakilisha kampuni ya China inayotaka kaa hai, akawatilisha sahihi kwamba kwa miaka mitano hawatamuuzia mtu mwingine hata kaa mmoja. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja kununua. Kina mama walipochoka kungoja wakarudi kwa wateja wao wa zamani, na wakili akayaandikia mahoteli barua ya vitisho. Mahoteli yakaogopa. Sasa kaa wanajazana vizimbani na wanakulana.

Yule bwana akatikisa kichwa. "Pole, Profesa. Lakini hao kina mama si walipiga muhuri wenyewe? Nani aliwalazimisha?"

"Ulishawahi kusoma mkataba wa simu yako?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Nani alikulazimisha?"

Akajigeuza kutazama mawingu mpaka tulipotua Manda, kisiwa cha ng'ambo chenye uwanja wa ndege.

Saa tano kasoro nilikuwa gatini Amu. Nikapita ndani kwa ndani hadi Langoni, nyumbani kwa binamu yangu Mwanaidi, nikijibana ukutani kila punda mwenye mzigo wa mawe ya matumbawe aliponipita. Mwanaidi alikuwa amenipikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, nami nikala nikiwa nagombana peke yangu.

"Kula kwanza, utete baadaye," akaniambia, akicheka. Kuteta kwetu ni kugombana, na alinijua. Kisha akasema neno lililoniuma. "Huyo wakili yuko Shela, amepanga nyumba ya wageni. Watu wamemuuliza Kichina alikisomea wapi, akasema hakukisoma, ila sheria ya Kichina amefundishwa na mtu wa Lamu."

Nikaacha kutafuna. Watu wa Lamu wanaofundisha sheria ya Kichina ningeweza kuwahesabu kwa kidole kimoja. Lakini nimefundisha wanafunzi wengi, nikajiambia, na mwalimu habebi dhambi za darasa zima. Nikamaliza wali.

Jumatano tuliondoka alfajiri, kwa sababu boti ya Pate, kisiwa uliko mji wa Siyu, inafuata maji, haifuati saa ya mtu. Kati ya Manda na bara kuna mlango mwembamba uitwao Mkanda, na maji yakipungua chombo hakipiti. "Mai yakipwa hapa, Profesa, tutashinda na mikoko," nahodha akaniambia, akatia moto injini. Tulipita boti ikikaribia kugusa chini, abiria wote kimya, hata yule mama aliyekuwa ananisimulia harusi ya mpwawe alinyamaza mpaka tukatoka upande wa pili. Bandarini Mtangawanda tukateremka, nikapanda bodaboda, na vumbi la kisiwa cha Pate likanipaka kuanzia viatu hadi kope. Dereva alitaka kunipeleka kwanza ngomeni, akidhani mimi ni mtalii. Ebo! Nikamwambia kwa Kiamu changu cha zamani kwamba mimi ni mwana wa Bi Esha binti Athmani, akaomba radhi njia nzima.

Bi Esha hakunipeleka nyumbani. Alinipeleka mikokoni moja kwa moja, buibui amelikunja hadi magotini, miguu ndani ya matope. "Tazama kwanza kwa mato yako," akasema, "ndipo usome hizo karatasi zao."

Vizimba vilipangwa kandokando ya mfereji, vya miti na nyavu, kazi safi ya mikono ya wanawake. Salma, katibu wa chama, mwanamke wa miaka thelathini hivi aliyesoma mpaka sekondari, akafunua kifuniko kimoja. Kaa walikuwa wakubwa kama sahani, na nusu yao hawana magando. Chini kulikuwa na magamba matupu ya wale walioliwa na wenzao.

"Kila asubuhi tunatoa magamba," Salma akasema. "Hoteli ya Shela walikuwa wanachukua kila Alhamisi. Sasa wakituona wanafunga mlango. Nikiwapeleka sokoni, mchuuzi ananiuliza kama nataka ashtakiwe."

Nikauliza vizimba hivi ni vya nani na nani.

"Hivi vinane ni vya chama," Bi Esha akajibu. "Hiki cha mwisho ni changu mimi, Esha. Na ukumbuke, mwanangu, katika hivi vinane mna fungu la mayatima wa marehemu Rukia. Mama yao alikuwa mwenzetu, fungu lake hatukuliondoa. Kwa hivyo katika vizimba vya chama hatoki kaa wa bure. Hata mume wangu akitamani, hapati."

"Naye hutamani sana," Salma akaongeza, na kina mama wakacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Baada ya sala ya adhuhuri tukakaa ukumbini kwa Bi Esha, kina mama wamenizunguka, nami nikavaa miwani nikaufungua mkataba. Kulia Kiingereza, kushoto Kichina. Kiswahili, wallahi, hata neno moja! Watu wa Siyu, kisiwani Pate, ambako Kiswahili kimeandikwa kwa karne nyingi, wamewekewa lugha mbili mbele yao na zote mbili si zao. Nilisema kwa sauti kwamba huo ni ufidhuli. Kina mama wakaitikia, "Naam, ufidhuli."

Nikasoma Kichina polepole. Kila ukurasa ulikuwa na muhuri wa chama, wino wa zambarau, umepigwa kwa uangalifu na Salma. Nikafika ukurasa wa mwisho, mahali pa kampuni, na pale nikakuta sahihi ya kalamu ya buluu. Basi. Nikageuza karatasi, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Hakuna kingine.

Hapa lazima niwaeleze jambo la Wachina. Kwao sahihi ya mtu ni mkwaruzo tu. Kampuni husema kwa muhuri wake, mviringo mwekundu wenye nyota katikati, unaofungiwa kabatini na kulindwa. Nimewahi kuona mkurugenzi aliyefukuzwa akaondoka na muhuri mfukoni, na kampuni nzima ikawa bubu, haiwezi kununua hata karatasi za choo. Na mkataba huu wenyewe ulisema hivyo. Upande wa Kiingereza ulisema unaanza ukitiwa sahihi. Upande wa Kichina ulisema unaanza pande zote mbili zikishapiga mihuri. Na kifungu kilichofuata kilisema, kwa lugha zote mbili, kwamba maandishi yakitofautiana, ya Kichina ndiyo yatakayofuatwa.

"Haujaanza!" nikapiga kelele. "Bi Esha, mkataba huu haujaanza! Nyinyi mmepiga muhuri, wao hawakupiga. Hamkufungwa na mtu!"

Vigelegele vilivyopigwa pale nadhani vilisikika mpaka mji wa Faza. Mama mmoja akanikumbatia mpaka miwani ikaanguka. Salma peke yake hakushangilia. Alikuwa ameshika karatasi nyingine mbili.

"Prof," akasema, "hoteli moja ilimwandikia wakili vivyo hivyo, kwamba muhuri wa kampuni haupo. Wakili akajibu kwa barua hii."

Barua ilikuwa ya Kiingereza, fupi. Ilisema kwamba ni kweli muhuri wa kampuni haukupigwa, lakini chama kilileta mzigo wa kwanza wa kaa na mwakilishi wa kampuni akaupokea, na katika sheria ya China tendo huponya kasoro ya muhuri. Ushahidi umeambatishwa. Ushahidi ulikuwa nakala iliyofifia ya kijikaratasi: pakacha moja la kaa, tarehe, muhuri wa zambarau wa chama, na chini ya muhuri mkwaruzo nilioudhani ni sahihi ya Bi Esha.

"Mlimletea mzigo?" nikauliza.

Kina mama wakatazamana. "Mzigo gani?" Bi Esha akasema. "Alikuwa mgeni wangu. Alikula kwangu, akanywa kwangu. Wakati wa kwenda nikampa pakacha la kaa akale na mkewe. Angetokaje kwangu mikono mitupu? Akasema njiani wataulizauliza, tumpigie muhuri kwenye kikaratasi asisumbuliwe. Tukampigia."

Nisikilizeni vizuri. Mtu amekaa kwenye mkeka wa mwenyeji wake, amekula wali wake, amepewa tunu ya kwenda nayo kwa mkewe, na mkono huohuo uliopokea ukatoa karatasi ya kumnasia. Nimeona hila nyingi katika kazi hii. Nimeona mihuri bandia na kampuni za mfukoni. Sijawahi kuona mtu akigeuza takrima kuwa kitanzi.

Kisha nikasoma tena ile sentensi, tendo huponya kasoro ya muhuri. Ilikuwa yangu. Neno kwa neno. Ndiyo niliyoiandika ubaoni katika semina za jioni, mwaka baada ya mwaka, na chini yake nikaongeza ushauri: mkataba wako ukikosa muhuri, tafuta mzigo hata mdogo uliopokewa, utakuokoa. Watu wa makampuni walikuwa wakicheka na kuandika haraka. Nikatazama jina chini ya barua. Collins. Safu ya mbele, mwenye maswali mengi, alama za juu. Nilimpa mwenyewe.

Aibu ikitokea vibaya hutoka kama ukali. "Bi Esha," nikasema, "kwa nini mlipiga muhuri kwenye kitu msichokielewa?"

"Mimi nilipompa nikaandika..."

"Ulichoandika hakisaidii! Mmeshapiga muhuri!"

Mwanamke aliyenifundisha kushika kalamu, nimemkata neno mbele ya wenzake, nyumbani kwake. Aliinuka akaenda kutia maji ya chai motoni. Nikaomba radhi alipoleta chai. Akasema, "Kunywa, haijapoa," na akaliacha neno lake hapohapo.

Alhamisi asubuhi nilimkuta barazani amevaa buibui, kiatu mguuni, tayari. "Kwa huyo mgeni wangu nakwenda mimi," akasema. "Wewe utanifuata." Salma naye akaja na muhuri wa chama kwenye mkoba. Tukarudi Mtangawanda, tukapita Mkanda maji yakiwa bado yapo, na kabla ya saa tano tulikuwa tunatembea ufukweni kutoka Amu kwenda Shela, Bi Esha mbele. Umri wake umepita sabini, nami mwenye kozi za mazoezi Nairobi nilikuwa nahema nyuma.

Collins alikuwa barazani pa nyumba ya wageni, kompyuta mbele yake. Aliponiona akaruka juu, uso umemjaa furaha, maskini, furaha ya kweli kabisa.

"Prof! Siamini! Umekuja likizo?"

"Nimekuja kumleta mama yangu," nikasema. "Mnajuana."

Akamtazama Bi Esha, na furaha ikamtoka polepole. Alituagizia sharubati ya tamarindi. Bi Esha hakuigusa.

Nikaanza na kifungu cha muhuri. Akatabasamu, alikitarajia. "Ni kweli, Prof, lakini kuna performance, lile tendo. Goods zilitoka, nikazipokea. Si wewe ndiye ulitufunza hivyo? Nilikuwa naona kama uko hapo nikiandika ile barua."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia kwamba nilifundisha biashara, sikufundisha kula kwa mtu na kumfunga. Akasema, bila ubaya wowote usoni, kwamba darasani sikutaja tofauti. Na hilo lilikuwa kweli, ndiyo sababu niliinua sauti hadi mhudumu akachungulia mlangoni. Nikamwambia ni mnyang'anyi wa adabu. Akasema mteja wake anataka kaa wa uhakika, ndiyo maana amewashikilia kina mama hawa mpaka kampuni iwe tayari, na sheria iko upande wake. Tungeweza kushindana pale mpaka maji yajae.

"Huyo, karatasi ya pakacha anayo?" Bi Esha akauliza, kwa utulivu. "Karatasi yenyewe, si kivuli chake."

Collins akafungua faili, akatoa kijikaratasi chenyewe, akakiweka mezani kwa fahari. Muhuri wa zambarau, safi kabisa. Bi Esha akaweka kidole chini yake.

"Zuhura, soma hapo tini."

Nikainama. Mkwaruzo nilioudhani sahihi haukuwa sahihi. Ilikuwa mistari miwili ya herufi za Kiarabu, ndogondogo, zimeandikwa kwa kalamu ya risasi, mwandiko uleule uliokuwa ukinisahihishia ubao wangu uani. Kiswahili kitupu. Nilikisoma kwa sauti:

*Hidaya ya Esha binti Athmani kwa mgeni wake, katika kizimba changu mimi. Si katika mali ya chama. Si biashara.*

"Aliniambia nipige muhuri wa chama asisumbuliwe," Bi Esha akasema. "Nikampigia, mgeni hakataliwi jambo dogo. Lakini muhuri ule una haki ya mayatima ndani yake. Ningeuwekaje juu ya kaa wangu nikanyamaza? Siku moya Mola ataniuliza. Nikaandika ukweli wake." Akanigeukia. "Yana nilitaka kukwambia. Hukuniata niseme."

Ukurasa wa Kichina nimeusoma mara tatu kwa miwani, na mwandiko wa mama aliyenifundisha kusoma nimeupita nikidhani mkwaruzo.

Collins alikuwa ameinua kijikaratasi anakigeuzageuza. "Hii ni maandishi? Mimi nilidhani ni signature."

"Na sisi tulidhani Kichina ni mapambo," Salma akasema.

Nikamwambia apigie simu kampuni, palepale, kisha anipe mimi. Alisitasita. Nikamwambia naweza kutafuta namba mwenyewe, ila nikiitafuta nitaeleza mengi zaidi. Akapiga. Akapokea mama mmoja, meneja wa ununuzi, na nikazungumza naye kwa lugha yake. Nilijitambulisha, nikamsomea kifungu, nikamsomea mistari ya Bi Esha. Aliuliza maswali mawili tu. Muhuri wetu upo? Haupo. Tulipokea bidhaa ya chama? Hapana, mwakilishi wenu alipewa zawadi na bibi mwenye nyumba. Akasema kwamba hata kwao kijijini mgeni huondoka na kitu mkononi, na kwamba hakuna aliyemtuma mtu yeyote kuyaandikia mahoteli barua. Akaahidi kuandika.

Collins alikuwa ameegemea kiti, macho chini. Nilitaka kumwaga yote yaliyonijaa, lakini Bi Esha akanitangulia.

"Wale kaa, mkeo aliwapenda?" akamuuliza.

"Ndiyo, Bi," akajibu, karibu asisikike. "Aliwapenda sana."

"Alhamdulillahi," Bi Esha akasema, akainuka, akajifunga buibui. Tukaondoka. Huko nyuma nikamsikia Collins akiniita, "Prof," mara moja. Sikugeuka. Sikujua ningemwambia nini ambacho hakingenihusu na mimi.

Ijumaa asubuhi, Langoni, kwa Mwanaidi tulikolala. Barua ilifika kwenye simu kabla hatujamaliza chai, ukurasa mmoja, na chini yake mviringo mwekundu wenye nyota. Kampuni haina mkataba wowote na chama cha Siyu, wala haimzuii mtu kununua kaa wao. Nikaitafsiri kwa Kiswahili, Salma akakimbia kuichapisha dukani, na kabla ya saa nne alikuwa ameshaifikisha hotelini Shela. Walimwambia alete kaa Alhamisi, kama zamani. Mwanaidi alipiga vigelegele peke yake akatosha mtaa mzima.

Ningependa kumalizia hapo. Ningerudi nyumbani mshindi, na nyinyi mngenipongeza. Lakini ndege ilikuwa ya mchana, na nilipotoka na begi langu Bi Esha alikuwa ananingoja barazani kwa Mwanaidi na pakacha jipya la makuti, kaa sita ndani, magando yamefungwa kwa ukindu. Alikuwa amewaagiza kutoka Siyu, wakaja na boti ya alfajiri. Nikanyosha mikono miwili kupokea, kama nilivyofanya tangu utotoni.

Hakunipa. Alilishikilia kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akatoa kifuani karatasi iliyokunjwa.

"Kwanza tia sahihi, mwanangu."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Hakucheka. Karatasi ilikuwa na mistari miwili ya herufi za Kiarabu kwa mwandiko wake, na chini yake Salma ameirudia kwa herufi za shule: *Hidaya. Si biashara. Mpokeaji atie sahihi.*

"Mimi, Bi Esha? Mimi mwana wako?"

"Wewe, na kila mgeni. Salma amewapigia simu wenzetu yana, wakakata shauri wote." Alinitazama machoni, na kwa mara ya kwanza katika safari nzima nikaona ana aibu. "Tutafanyaje? Wageni wa siku hizi wamefunzwa."

Hakumtaja aliyewafunza. Hakuwa na haja. Semina nitaendelea nayo, maana sheria ni sheria na siwezi kuifuta ubaoni ati imeniudhi. Lakini kila nitakapoandika sentensi ile, nitawaeleza na pakacha hili, na nani aliyelitoa, na nani aliyekuwa safu ya mbele akiandika, na nani aliyeshika chaki.

"Na Kichina pia uandike," Bi Esha akasema, akinipa kalamu, "asije mtu akasema hakuelewa."

Nikaegemeza karatasi ukutani, nikaandika kwa Kichina kwamba ni zawadi. Chini yake nikatia sahihi yangu. Bi Esha akaitazama kwa makini, kutoka juu hadi chini, akaikunja, akairudisha kifuani, ndipo akaliachia pakacha.